Chakula cha watoto kwanza: kisa cha familia moja katika mgahawa unaopika bia yake

Katika muda wa wiki sita familia yetu ilikula mara mbili katika mgahawa uleule unaopika bia yake wenyewe, ikiwa na watu walewale sita. Mara ya kwanza tulirudi nyumbani tumenuniana. Mara ya pili watoto walikuwa wakiuliza tutarudi lini. Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu mengi ambayo kwa kawaida hulaumiwa jioni ya namna hiyo inapoharibika hayakubadilika: jengo lilikuwa lilelile, menyu ileile, bia zilezile kwa sehemu kubwa, na tabia za watoto, kwa sisi tunaozijua, zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mpango wetu wenyewe, na ndani ya mpango huo, kwa maoni yangu, jambo moja ndilo lililobeba uzito wote: nani alitangulia kupata nini mezani.

Waliohusika ni dada yangu na mume wake. Watoto wao wawili, binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka 4. Mama yetu, ambaye kwa watoto ni bibi na ambaye hanywi kileo chochote. Pamoja nami, mjomba wao. Shemeji ndiye mpenzi wa bia katika familia. Amekuwa akipika bia kidogo kidogo nyumbani kwa miaka kadhaa, na huzungumzia kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa, na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwa mapenzi yaleyale ambayo wengine huzungumzia mpira. Wazo la kwenda huko lilikuwa lake, na lilikuwa wazo jema, kwani alitaka watoto na mama mkwe wake waone kazi anayoipenda ikifanywa na wenye ujuzi.

Ni vizuri kueleza mapema mahali penyewe ni pa namna gani, kwa kuwa watu wengi hudhani ni baa iliyoongeza jiko. Brewers Association, chama cha watengenezaji wadogo wa bia nchini Marekani, huhesabu kuwa wa aina hii ule mgahawa unaouza angalau asilimia 25 ya bia yake palepale inapopikwa na unaotoa huduma ya chakula kwa kiwango kikubwa. Chakula, basi, kimo ndani ya maana yenyewe ya mahali hapo. Desturi hii ni ya kale kuliko viwanda vikubwa. U Fleků, nyumba ya bia mjini Prague katika nchi ya Cheki, imekuwa ikipika bia tangu mwaka 1499 na hadi leo wageni huketi na kula humo humo. Hata hivyo ilikaribia kutoweka: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilikuwa imebakiwa na nyumba nne tu za aina hiyo, hadi David Bruce alipofungua ya kwake Southwark, London, mwaka 1979. Nchini Marekani, baada ya marufuku ya pombe kuondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yaliweka sheria zilizotenganisha mpishi wa bia, msambazaji na muuzaji, kiasi kwamba aliyepika hakuweza kumuuzia mlaji moja kwa moja. Bert Grant alifungua mgahawa wake Yakima, jimbo la Washington, mwaka 1982, na jimbo la Oregon likabadilisha sheria yake mwaka 1985 ili kuruhusu migahawa ya aina hii. Ninayataja haya kwa sababu mahali palipoundwa juu ya meza ya chakula hupoteza umbo lake mgeni anapopatumia kama kaunta ya vinywaji, na hilo ndilo tulilolifanya safari ya kwanza.

Ilikuwa Jumamosi. Tulifika saa 1:30 jioni bila kuweka nafasi, tukaambiwa tusubiri, na kwa kuwa mahali pa kusubiria palikuwa kando ya kaunta, watu wazima tulianza kunywa. Shemeji aliagiza trei ya kuonja yenye glasi nne ndogo, kila moja ya mililita 120. Nami nikaagiza kama hiyo. Dada akachukua glasi ya bia ya ngano. Watoto hawakuagiziwa kitu, kwa kuwa tuliamini meza ilikuwa karibu kupatikana na hatukutaka wajaze matumbo soda kabla ya chakula. Hilo lilikuwa kosa letu sote: sisi wenye subira kubwa tulikuwa na kitu mkononi, ilhali wenye subira ndogo hawakuwa na chochote.

Meza ilipatikana saa 2:10 usiku, oda ikachukuliwa saa 2:20, na chakula kikafika saa 3 kasoro dakika 5, yaani dakika 85 tangu tuingie mlangoni. Siku za kawaida mpwa wangu mdogo huwa amekwisha kula saa 1 jioni na saa 2:30 amelala. Alianza kwa kuuliza chakula kiko wapi, akaendelea kwa kulia, na mwishowe akaivuta trei ya baba yake, glasi mbili zikaanguka na kuvunjika. Mama yetu alimbeba akatoka naye nje, akakaa naye kwenye baridi mpaka sahani zilipofika. Binti hakulia. Alinyamaza, akawatazama wazazi wake wakibishana kuhusu nani angeendesha gari, na ukimya ule, nakiri, ulinisumbua kuliko kilio cha mdogo wake. Chakula kilikuwa kizuri lakini tulikila kwa haraka, tukaacha gari palepale, tukarudi kwa teksi. Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa sahihi kabisa, na ndio pekee wa usiku ule ninaoweza kuusifu bila masharti.

Ubishi wa gari unahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu shemeji hakuwa akidanganya aliposema kwamba alikuwa amekunywa "glasi moja na vionjo". Ndivyo ilivyoonekana machoni pake. Lakini vionjo vinne vya mililita 120 ni mililita 480, zaidi kidogo ya painti ya Kimarekani, ambayo ni mililita 473. Na kwa wastani wa kilevi wa asilimia 6, ambao ndio uliokuwa wa trei yake, vilibeba takribani gramu 23 za kilevi halisi. Glasi aliyoiagiza baada ya hapo ilikuwa ya mililita 330, ya bia nzito yenye asilimia 8, nayo ilibeba takribani gramu 21. Jumla ni gramu 44. Kwa kipimo cha Marekani, ambako kinywaji kimoja cha kawaida huhesabiwa kuwa na gramu 14, huyo ni mtu aliyekwisha kunywa vinywaji vitatu na zaidi, tena kabla ya kutia chochote tumboni. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida huondoa kilevi kwa kasi ya takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa wala maji yanayouharakisha. Kwa hesabu hiyo, angehitaji saa 4 au zaidi mpaka kilevi chote kimtoke mwilini.

Katika bia za viwanda vikubwa mtu huzoea chupa ya kiasi kimoja na kilevi cha karibu asilimia 4 au 5, kwa hiyo kuhesabu chupa kunatosha. Kwenye mgahawa unaopika bia yake, trei moja inaweza kuwa na bia ya asilimia 4 kando ya bia ya asilimia 9, na glasi ndogo humfanya mtu aone kwamba bado anaonja tu ilhali amekwisha kunywa. Trei ya kuonja ni kitu kizuri sana, pengine ndiyo njia bora ya kujifunza tofauti kati ya aina za bia kama laga, stauti na bia ya ngano, lakini ni ya kugawana mezani pamoja na chakula. Kumpa kila mtu ya kwake akiwa amesimama na njaa ni kuitumia vibaya.

Safari ya pili ilipangwa na dada. Katikati ya wiki alipiga simu akauliza mambo matatu: watoto wanaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi, jiko huwa na nafasi zaidi saa ngapi, na kama angeweza kupata meza iliyo mbali na kaunta, kando ya ukuta wa kioo unaotenganisha ukumbi na matangi. Swali la kwanza si la adabu tu. Sheria za watoto katika maeneo yanayouza vileo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi kati ya leseni na leseni ndani ya mji mmoja, hivyo familia inayokwenda bila kuuliza inaweza kuombwa iondoke katikati ya mlo.

Mambo mengine mawili yaliamuliwa nyumbani. La kwanza, dada angeendesha, na hakukuwa na mjadala tena juu ya hilo. Alichagua bia isiyo na kilevi, ambayo kwa sheria za nchi nyingi inaweza kuwa na hadi asilimia 0.5, pamoja na maji. La pili, mimi na shemeji tungegawana trei moja, na isingeagizwa mpaka watoto wawe wameanza kula.

Tulifika Jumapili saa 10:15 alasiri. Kabla hata watu hawajatulia vitini, dada alimwambia mhudumu: "Tafadhali, chakula cha watoto kitangulie, chetu tutaagiza baadaye." Saa 10:35 watoto walikuwa wanakula. Sisi tuliagiza saa 10:40, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo bila hilo nisingeweza kuandika uchambuzi huu kwa uhakika wowote: kundi la watu wapatao ishirini liliingia pamoja, jiko likazidiwa, na chakula chetu kikachelewa hadi saa 11:25. Tulisubiri dakika 45 tangu kuagiza, kumi zaidi ya Jumamosi ile, ambapo tulisubiri 35. Safari hii hakuna aliyelalamika, kwa kuwa waliokuwa na haki ya kulalamika walikuwa wameshiba.

Dakika hizo 45 ndizo zilizokuwa bora kuliko zote. Mpishi wa bia alikuwa amekuja kukagua joto la matangi, akawaona watoto wamebandika nyuso kwenye kioo, akaomba ruhusa kwa dada kisha akawaletea bakuli tatu. Bakuli la kwanza lilikuwa na shayiri mbichi, la pili kimea, la tatu maua makavu ya hopsi. Aliwaambia watafune punje moja ya shayiri, kisha moja ya kimea. Ya kwanza ilikuwa ngumu na haina ladha. Ya pili ilimeguka kwa urahisi na ilikuwa tamu. Akaeleza kwamba ni punje ileile, isipokuwa ya pili ililowekwa, ikaachwa ichipue kwa siku chache, kisha ikakaushwa kwa joto, na kuchipua huko ndiko kulikoiandaa wanga wake ugeuke sukari inapolowekwa tena katika maji ya joto la karibu nyuzi 66 za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Maji yale matamu huchemshwa pamoja na hopsi ili yapate uchungu na harufu, hupozwa, kisha hutiwa hamira, nayo hula sukari na kutoa kilevi na hewa ya kaboni.

Kutoka kwenye tangi mojawapo ulitoka mpira uliozamishwa kwenye ndoo ya maji, na ndani ya ndoo mapovu yalikuwa yakipanda bila kukoma. Mvulana aliambiwa kwamba kila povu ni pumzi ya hamira. Aliyahesabu mpaka alipochoka, na huwa hachoki upesi. Binti ndiye aliyeuliza swali ambalo shemeji bado analisimulia: hamira ikishamaliza sukari yote, inakufa kwa njaa? Mpishi akamjibu kwamba sehemu kubwa yake haifi, bali hutulia chini ya tangi, naye huikusanya akaitumia kuanzisha bia nyingine. Mama yetu, aliyekuwa amekaa kimya akinywa chai, aliomba bakuli la kimea akatafuna punje kadhaa.

Mpishi hakuwaingiza watoto nyuma ya kioo, na alifanya vyema kutowaingiza. Siku ya kupika kuna maji yanayochemka kwa mamia ya lita. Siku za kusafisha hutumika dawa kali zinazounguza ngozi. Na hewa ya kaboni inayotoka kwenye matangi ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya chini, pale pale penye kimo cha mtoto. Kioo kile kiliwapa watoto kila walichohitaji kuona.

Msomaji makini atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama si saa tu iliyoleta tofauti. Jumapili alasiri ukumbi huwa na watu wachache, na ukumbi wa namna hii una sakafu ya saruji, dari ya juu, chuma na vioo, vitu ambavyo havinyonyi sauti bali huirudisha; wageni wanapozidi kila mmoja hupaza sauti ili asikike na kelele hujilisha zenyewe. Jumamosi ile hatukumsikia mtoto alipoanza kusema ana njaa, tulimsikia alipolia. Ninakubali kwamba saa ilisaidia sana, na familia yenye uwezo wa kuchagua kitu kimoja pekee isingekosea ikichagua kwenda mapema. Lakini lile kundi la watu ishirini liliurudisha ukumbi kwenye kelele, likalirudisha jiko kwenye foleni, na bado meza yetu haikuyumba. Ndiyo maana naona kwamba utaratibu wa chakula ulifanya kazi ambayo saa peke yake isingeifanya.

Ulifanya kazi kwa watu wazima pia, kwa njia ambayo sikuitarajia. Kwa kuwa trei iliagizwa baada ya watoto kuanza kula, ilikaa mezani kama sehemu ya mlo, na mimi na shemeji tukaanza kuinywa tukiwa na mkate na supu mbele yetu. Tuligundua kwamba bia chungu yenye hopsi nyingi iliukoleza ukali wa pilipili mpaka ukashinda ladha nyingine, wakati bia ya ngano iliutuliza. Kwamba stauti, yenye kimea kilichochomwa mpaka kikawa cheusi, ilishikamana na nyama ya kuchoma kana kwamba vilitoka jiko moja. Na kwamba mapovu ya laga yaliyakata mafuta ya viazi vya kukaanga na kuuacha mdomo safi. Jumamosi ile tulikunywa bia hizohizo na sikumbuki ladha ya hata moja. Kila mmoja wetu alikunywa mililita 240 ndani ya saa moja na nusu, takribani gramu 11 za kilevi, nusu ya kile ambacho trei nzima ilimpa shemeji safari ya kwanza, na hakuna aliyehisi amepungukiwa.

Kulikuwa na jambo la kugusa uamuzi wa malezi. Binti, baada ya kuelezwa yote yale kuhusu kimea na hamira, alimwomba baba yake aonje tone moja. Ombi lilikuwa la haki kwa namna yake, kwa kuwa alikuwa amefundishwa jinsi kitu kinavyotengenezwa na sasa alitaka kukijua. Shemeji alisita kidogo, kisha akamwambia, "Kuonja hapana, mwanangu, mpaka uwe mkubwa. Lakini kunusa ni bure." Akamsogezea ile bia ya ngano. Binti alinusa akasema ni ndizi mbivu. Alikuwa sahihi: hamira inayotumika katika aina hiyo ya bia hutoa harufu ya ndizi na karafuu bila kitu chochote cha namna hiyo kutiwa ndani. Nadhani jibu la shemeji lilikuwa bora kuliko tone, na bora pia kuliko kemeo, kwa sababu halikukifanya kileo kuwa siri tamu wala halikukigeuza kuwa mchezo wa watoto.

Mama yetu, pamoja na hayo yote, hakushawishika kikamilifu. Njiani kurudi, dada akiendesha, alisema kwamba alasiri ilikuwa nzuri na kijana yule wa bia ana adabu, lakini mtoto anayekulia akiona kila sherehe ina glasi mezani atadhani sherehe haiwezekani bila glasi. Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani mpangilio wowote wa sahani unalijibu. Njia pekee ninayoiona ni kwamba mgahawa huu uwe mmoja kati ya mahali pengi ambapo watoto hawa huwaona wazazi wao wakifurahi, na kwamba katika sehemu nyingi kati ya hizo pasiwe na glasi kabisa. Dada alikubaliana naye papo hapo. Shemeji alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba ni kweli, na kwamba mtoto wake alimwona safari ya kwanza akibishania funguo, jambo ambalo angetamani alisahau.

Wiki iliyopita dada aliweka nafasi ya tatu, Jumapili saa 10 alasiri, meza ileile ya kando ya kioo, kwa kuwa mvulana amesisitiza kwamba lazima aone kama mapovu bado yapo. Mama yetu alipoulizwa kama atakuja, alisema atakuja, ila funguo za gari zikae kwenye mkoba wake tangu nyumbani.